Kuni Nilizookota Barabarani

Kama unasoma haya ukiwa kitandani, na shuka limelala bapa mahali ambapo mguu wako ulipaswa kuliinua, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine nao wakisoma, karibuni, ila msinipe pole. Pole nimepewa za kujaza ghala. Ninachotaka ujue mapema ni kwamba utaendelea kuusikia mguu huo muda mrefu baada ya kukatwa, na huna sababu ya kuuogopa. Mimi niliuogopa kwa miezi mingi, kwa sababu wangu ulikuwa unanisuta.

Naitwa Sabina, mama Neema. Nilizaliwa Iyula kwenye kahawa, nikaolewa kandokando ya barabara kuu, kati ya Vwawa na Tunduma. Nyumba yetu iko mahali ambapo barabara inashuka bondeni kisha inapanda na kukata kona. Hapo nina kibanda cha chai, chapati na maharage, na msimu ukifika, mahindi ya kuchoma. Wateja wangu ni madereva wa malori, watu wenye njaa ya haraka na maneno mengi. Nami maneno sikunyimwa, kwa hiyo tulielewana.

Kila anayeishi kwenye barabara hii anajua maana ya matawi. Lori likiharibika, dereva au utingo wake anaingia porini na panga, anakata matawi na kuyapanga kwenye lami, nyuma ya gari na mbele yake, hatua kadhaa kutoka tawi hadi tawi. Anayekuja akiyaona anajua mbele kuna jambo. Gari likipona linaondoka, na matawi yanabaki hapo hapo. Hapo ndipo tunapoingia sisi wanawake. Tawi la mlingoti, yaani mkaratusi, lililolala kwenye lami siku tatu ni kuni nzuri, lina mafuta, linashika moto upesi, na halina mwenyewe. Aliyewahi ndiye mwenye nalo, na mimi nilikuwa nawahi. Jirani zangu walinitania kwamba lori likipiga honi ya kuaga, Sabina tayari ana kamba mkononi.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mahindi mabichi yameanza. Lori la shaba lilikuwa limekwama kwenye kona juu yetu kwa siku tatu, limeelekea Vwawa, na mkia wake umetuangalia sisi. Asubuhi ya siku ya nne, kama saa moja na nusu, ukungu ulishuka. Ukungu wa huku kwetu Mbozi wakati wa mvua usiuzoee. Unanyoosha mkono, vidole vinapotea. Nilikuwa nakoleza moto niliposikia injini huko barabarani ikinguruma, kisha sauti ikapungua, ikapungua tena, ikaisha. Nikajisemea, haya, limepona, limekwenda zake. Nikachukua kamba.

Nilianza na tawi la chini kabisa, karibu na kibanda. Nikaliokota. Tawi la pili sikuliona mpaka nilipolikaribia, na la tatu hivyo hivyo, kila moja linajitokeza kwenye ule weupe kama mtu aliyekuwa ananisubiri. Nikayafuata moja baada ya jingine, nikipanda mlima. Sikusikia jogoo, sikusikia mtoto wa mtu. Nilisikia kandambili zangu tu kwenye lami yenye maji, na majani mabichi yakinikwama katikati ya vidole. Nilipookota la mwisho nilifunga mzigo nikauweka kando ya barabara. Kisha nikahisi kuna kitu kikubwa kimesimama mbele yangu. Nilinyoosha mkono nikagusa chuma cha baridi.

Lilikuwa lile lori. Halikuwa limeondoka.

Nilibaki na kiganja kwenye chuma nikijiuliza, sasa lililoondoka ni lipi? Jibu lilitokea nyuma yangu, taa mbili za njano zisizo na gari, halafu breki zikapiga kelele. Dereva alikata usukani kulikwepa lori la shaba. Mimi nilirukia pembeni, ila mguu wa kulia ulichelewa.

Aliyenigonga aliruka kutoka kwenye gari kabla halijatulia. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu fupi. Alivua mkanda wake akaufunga juu ya goti langu, akaukaza kwa nguvu zake zote, huku anasema, "Mama, nitazame mimi. Usitazame huko. Nitazame mimi." Huyo ndiye Bashiru, mtu wa Tanga. Daktari aliniambia baadaye kwamba bila mkanda ule nisingefika hospitali. Nakuomba ulikumbuke hilo unaponisikia nikieleza yaliyofuata.

Mume wangu, Elia, si mtu wa maneno, lakini siku ile akili yake ilifanya kazi. Kabla gari halijasogezwa alipiga picha kwa simu, namba za lori na stika ya bima kwenye kioo, kisha akakimbilia polisi kuchukua fomu ya PF3, ile inayotakiwa na hospitali mtu akijeruhiwa barabarani. Na wewe fanya hivyo, au mwombe ndugu yako akufanyie. Karatasi zote tulizitia kwenye mfuko mmoja wa nailoni, na mfuko ule ulilala chini ya mto wangu mpaka ukanuka dawa.

Tulianzia Vwawa, tukapelekwa Mbeya. Nilijifunza mabenchi. Kuna benchi la kusubiri picha, benchi la kusubiri kidonda, na benchi la kusubiri daktari apite, na kwenye yote watu wanakutazama uso kwanza, kisha macho yanashuka polepole. Siku ya tatu mama mkwe alifika na chupa ya uji. Ni mama mzee, mwembamba, mkali, ananipenda kwa kunigombeza.

"Kunywa mwanangu," alisema. "Na usihangaike na kuni zako. Nilizikuta pale kando ya barabara watu wanapiga kelele, nikasema hizi zikiachwa zitaibwa. Nikazibeba. Uji huu ndizo zilizoupika."

Kikombe kilikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama kama ananitania, lakini hakuwa anatania. Alijivunia kuokoa mali yangu. Nilikunywa uji ule wote.

Siku iliyofuata alikuja askari wa usalama barabarani na daftari lake. Alinieleza kwamba dereva wa lori la shaba anaapa aliyapanga matawi. Bashiru anaapa hakukuwa na hata moja. Yeye mwenyewe alipofika hakukuta kitu ila majani mawili matatu, na majani yapo kila mahali. "Wewe mama uliona nini?"

"Sikumbuki," nilisema.

Akaandika. Neno dogo tu, lakini kwa neno lile dereva wa shaba alionekana mwongo, akafukuzwa kazi, na Bashiru akafunguliwa kesi ya kuendesha kwa uzembe na kumjeruhi mtu. Na mimi nikawa mama maskini asiye na kosa, ambaye bima ingemlipa fidia yake yote.

Mguu ulikatwa wiki mbili baadaye, mvua za mwisho mwisho za mwezi wa nne zikinyesha. Mama mkwe hakukubali uachwe hospitali. Alisema kitu kilichobatizwa hakitupwi. Elia akaubeba ukiwa umefungwa kwenye kanga, akausafirisha na basi kutoka Mbeya, akaushika mapajani njia nzima. Mzee wa kanisa alikataa kuuombea, eti hakuna ibada ya namna hiyo kitabuni. Mama mkwe akamwambia basi akae pembeni, akauombea mwenyewe, wakauzika nyuma ya nyumba kwenye mibuni, karibu na makaburi ya familia. Kwa hiyo kipande changu kilitangulia. Mara ya kwanza nilipoelezwa nilicheka mpaka muuguzi akaja kutazama.

Kicheko kilikatika siku ya tano. Nilikuwa nimelala mchana, jua la Mbeya linaingia dirishani, nikausikia mguu umelowa. Nasema kulowa, maji baridi yanapanda kutoka kwenye unyayo mpaka kifundoni. Nikavuta shuka. Hapakuwa na kitu, bandeji tu. Nikampigia Elia.

"Mvua inanyesha huko?"

"Inanyesha sasa hivi. Nani kakuambia?"

Nilikata simu. Tangu hapo kila mvua iliponyesha nyumbani niliijua. Hiyo ningeizoea. Ila chini ya baridi ile kulikuwa na kingine. Katikati ya kidole gumba na cha pili, kwenye mguu usiokuwepo, kulikuwa na jani. Jani bichi la mlingoti, limekwama, linakereketa. Nilikunja vidole nisivyokuwa navyo kulitoa, halikutoka. Halikutoka mwezi wa tano, wala wa sita ulipoingia na baridi yake. Sikumwambia mtu, maana nilijua limetoka wapi.

Bashiru alikuja kuniona mara tatu, na mara zote Elia alitoka nje asimpe mkono. Mara ya tatu alileta machungwa na akakaa chini kabisa, kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi.

"Mama, mimi nasali, na kila nikisali nakuona," alisema. "Nimeendesha barabara hii tangu sijaoa. Matawi nayaheshimu. Nikiona tawi moja tu nashusha gia. Wallahi hakukuwa na tawi. Niambie basi, nimekuwa kipofu?"

Nikamuuliza alikuwa wapi kabla ya kona. Akasema alitoka Tunduma alfajiri, gari tupu, akafika pale barabara inaposhuka bondeni, akaachia mafuta ili lishuke lenyewe, kisha likaanza kupanda.

Kumbe nilichosikia kikipungua na kuisha ni yeye akiingia bondeni. Lori nililosikia likiondoka ndilo lililokuwa linakuja kwangu.

"Si kipofu, kaka," nilimwambia, na hapo ndipo ningeendelea. Muuguzi akaingia na dawa, nami nikamshukuru Mungu kwa muuguzi. Bashiru aliondoka ameinamisha kichwa. Machungwa yake sikuyala.

Nilirudi nyumbani mwezi wa saba, kahawa imeiva. Ukitoka hospitali usidhani unarudi kwenye nyumba uliyoiacha. Kizingiti nilichokivuka miaka yote bila kukifikiria kilikuwa mlima. Choo kilikuwa safari. Neema, aliyekuwa darasa la sita, alijifunza kuninyanyua bila kunitazama. Elia alizungumza habari ya fidia kama mtu anayezungumza habari ya mvua: ikija tutaezeka, ikija Neema atasoma shule ya bweni. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kujengwa juu ya neno langu lile dogo.

Huruma nazo zilikuwepo, ndogo ndogo. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole, alinifundisha kukipapasa kisiki cha mguu kila asubuhi kwa mafuta, kuzungumza nacho, kukiita changu. Alisema mwili bado unautafuta mguu, uupe muda, usione aibu. Jirani zangu waliendesha kibanda kwa zamu. Nawe zipokee huruma zako hata zikija na maneno ya kuudhi.

Siku moja tulikuwa tunachuma kahawa. Mimi nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nachuma matawi ya chini, na hatua kumi kutoka hapo ni pale mguu ulipozikwa. Nikaona ardhi imetitia kidogo. Nikausikia, wazi kabisa, ukikunja vidole.

"Baba Neema," nilisema, "matawi niliyaokota mimi."

Elia aliendelea kuchuma. "Matawi gani?"

Nikamweleza yote, injini, ukungu, kamba, mzigo aliobeba mama yake, uji. Alichuma mpaka tawi lake likaisha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza," alisema. "Yule Bashiru ana kazi, ana miguu miwili. Sisi tuna nini?"

Nilimkasirikia, na nilijikasirikia zaidi, kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nikiyasema kimya kimya.

Mwezi wa tisa nilikwenda Vwawa kwa wakili aliyeshika madai yetu, mama mmoja mtulivu. Nilimweleza. Alivua miwani.

"Kesi ya dereva ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi tu," alisema. "Ya fidia ni yako. Ukisema uliondoa alama, bima watasema umechangia ajali. Hutakosa yote, lakini itapungua, huenda sana. Na ukiapa kisha ukasema uongo, hilo ni kosa lingine kabisa. Sikusukumi wala sikuzuii. Nakuambia kitakachofuata."

"Na ningekuambia siku ya kwanza?"

"Ingekuwa rahisi kwa kila mtu," alisema. Akavaa miwani yake.

Wewe uliye kitandani, mweleze wakili wako yote, hata linalokuumbua. Mimi nililichelewesha na kuna mtu alipoteza kazi.

Siku ya mahakama joto lilikuwa limeanza, vumbi tele, watu wanaingoja mvua. Mama mkwe alinisindikiza, Elia akakaa benchi la nyuma kabisa. Bashiru alisimama kizimbani amekonda. Nilishika Biblia, nikaapa. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama siku ile kulikuwa na alama yoyote barabarani, akitegemea nirudie sikumbuki yangu.

"Kulikuwa na matawi," nilisema. "Dereva wa lori la shaba aliyapanga vizuri. Niliyaokota yote mimi, nikidhani lori limeondoka."

Hakimu aliinua macho. "Na matawi hayo yako wapi sasa?"

"Tuliyachoma, mheshimiwa. Yalipika uji nikaletewa wodini, nikanywa."

Mtu alicheka nyuma, kisha akaacha. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Hapo ndipo alipoelewa alichokibeba kichwani siku ile, na nilimwonea huruma sana.

Sikutegemea kilichofuata. Bashiru aliomba kusema. "Mheshimiwa, mama huyu amesema ukweli, na mimi niseme wangu. Nilikuwa nakimbiza. Ukungu ule ulitaka mtu atembee, mimi nilitaka kuwahi foleni ya mizani. Hata matawi yangekuwepo, sijui kama ningeyaona."

Alipewa faini, na leseni yake ikazuiwa kwa muda. Hakwenda jela. Wakili alinisaidia kuandika barua kwa tajiri wa lori la shaba, na dereva wake akarudishwa kazini. Fidia ilikuja imepungua, kama tulivyoambiwa. Ilinipa mguu wa bandia na karo ya muhula, na nyumba haikuezekwa. Elia hakusema nami mpaka tulipopanda mahindi. Kisha asubuhi moja nilimkuta anabomoa kizingiti cha jikoni kwa shoka, anamwaga udongo na kuushindilia uwe mteremko. Nilipita juu yake nikaenda kupika.

Mguu bado nausikia. Mvua ikinyesha unalowa, na lori likipiga breki unashtuka kabla sijashtuka. Jani tu ndilo silisikii tena. Sikujua limetoka saa ngapi. Nilipofika nyumbani kutoka mahakamani na kukaa chini, nililitafuta kati ya vidole, sikulikuta.

Siku hizi pale kwetu tumekubaliana: matawi yanaokotwa jua likiwa limeangaza lami yote, na lori umeliona kwa macho yako likipotea kwenye kona. Kusikia hakutoshi. Wanawake wengine wananung'unika kwamba Sabina amekuwa mkuu wa barabara. Wanung'unike, wana miguu.

Juzi ukungu ulishuka tena. Kuna lori la mbolea limekwama pale pale juu, matawi yamepangwa kuanzia kibandani. Tulikuwa tumekaa motoni, mimi na mama mkwe, naye akitaka kuvuka barabara kumpelekea jirani makaa. Tukasikia injini. Ikanguruma, ikapungua, ikapungua tena, ikaisha. Pakawa kimya. Mguu wangu wa nyuma ya nyumba ukakunja vidole.

Mama mkwe akainuka, akashika kigae chake cha makaa. "Limeondoka hilo," alisema.

Nilimshika upindo wa kanga.

"Kaa, mama. Linakuja."